Mbao na Dawa ya Kuzuia Moto

Wahenga walisema, dawa ya moto ni moto. Leo twapenda kuwaeleza habari za dawa nyingine, nayo ni chumvi itiwayo katika mbao ili zisiwake upesi.

Jambo hili ni la kale. Mwaka wa 86 kabla ya Kristo, Sulla, jemadari wa Warumi, alikuwa akiuhusuru mji wa Piraeus huko Uyunani. Mwandishi Aulus Gellius atuambia ya kuwa Warumi walijaribu kuuchoma mnara wa mti, wakashindwa, kwa sababu adui yao Archelaus alikuwa ameupaka shabu. Tena mwaka wa 1821 Mfaransa Gay-Lussac, mtaalamu wa kemia, alionyesha ya kwamba kitani kilichochovywa katika maji yenye fosfati ya amonia au boraksi hakishiki moto upesi.

Je, chumvi hizi zafanyaje kazi? Mti ukipata joto kali hutoa mvuke, na mvuke huo ndio uwakao. Fosfati ya amonia ikipata joto hutoa tindikali, nayo huugeuza mti kuwa makaa mapema, kabla haujatoa mvuke mwingi. Makaa hayo huufunika mti ulio chini yake. Mti haukugeuka jiwe. Waungua, lakini polepole, na watu hupata nafasi ya kutoka.

Baadaye dawa za namna hii zilitiwa katika plaiwudi, yaani mbao za maganda membamba yaliyogandamizwa kwa gundi. Katika miaka ya 1980, huko Marekani, plaiwudi hiyo ilitandazwa chini ya mapaa ya nyumba nyingi zilizoshikamana safu safu, ili moto usiruke kutoka nyumba moja hata nyingine. Lakini baada ya miaka michache mafundi waliona mbao zimekuwa nyeusi, tena zavunjika kwa urahisi. Joto la jua lilikuwa limeiamsha tindikali ile pasipo moto wo wote! Mapaa mengi yaling'olewa. Wataalamu wa maabara ya serikali ya mazao ya misitu, huko Madison, Wisconsin, walichunguza, wakaona ya kuwa kuchanganya chumvi za jamii ya boraksi hupunguza madhara hayo.

Basi, dawa ya mbao haina budi kujaribiwa kwa moto na kwa jua pia. Nyumba huenda isipatwe na moto kamwe, lakini jua huiwakia kila siku.