Mlio wa Kokoto Ndani ya Kopo

Fundi wa mtaani kwetu hana mashine ya kupimia. Ana bisibisi ndefu. Aliegemeza ncha yake kwenye injini ya pikapu ya marehemu baba, akaweka mpini sikioni, akafumba macho.

"Tepeti hulia hata gari likiwa limesimama," aliniambia. "Beringi za konrodi zikiisha, mlio ni mzito, unatoka chini. Huu wako unakuja ukipanda mlima tu, kama kokoto ndani ya kopo. Hakuna chuma kilicholegea, mwanangu. Petroli inajilipukia yenyewe."

Mlio huohuo uliwasumbua Wamarekani zaidi ya miaka 100 iliyopita. Wengi waliulaumu mfumo wa kuwasha injini kwa betri, uvumbuzi wa Charles Kettering. Mwaka 1916, huko Dayton, Ohio, alimpa kazi hiyo mhandisi kijana, Thomas Midgley. Midgley aligundua kwamba kosa lilikuwa kwenye mafuta: plagi ikishawasha moto, petroli ambayo bado haijafikiwa hubanwa, hupata joto, kisha hulipuka kwa mpigo. Alijaribu dawa nyingi za kuutuliza mlio. Tarehe 9 Desemba 1921 akapata iliyoumaliza kabisa: kemikali yenye madini ya risasi.

Kwamba risasi ni sumu, watu walijua tangu zamani. Spiriti nayo ilituliza mlio, lakini risasi ilitosha kidogo tu, na matumizi yake yangeweza kupewa hataza. Ikaanza kuuzwa mwaka 1923 kwa jina la Ethyl, jina lisilotaja risasi. Mwaka uliofuata, wafanyakazi 5 wa kiwanda kimoja cha New Jersey walirukwa na akili, wakafa. Midgley aliwaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa kemikali ile na kuinusa mbele yao. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaugua kwa sumu hiyo.

Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa 2006. Algeria, nchi ya mwisho duniani, ilifuata Julai 2021.

Mimi nilizaliwa 1996, nyuma ya gereji hii hii. Kwa miaka 9 nilicheza kwenye udongo wake na kuvuta moshi wake. Sumu ya risasi huingia kwenye ubongo wa mtoto bila kutoa mlio wowote. Hakuna bisibisi ya kusikiliza hilo.

Nilimkumbuka fundi enzi hizo, akinyonya petroli kwa mpira ili aihamishe kutoka tangi hadi tangi, kisha akitema na kufuta mdomo kwa kiganja. Nikamsimulia habari za Midgley. Alinisikiliza huku akirudisha taimingi nyuma kidogo.

"Kumbe," alisema hatimaye. Akafunga boneti taratibu. "Ndiyo maana injini za siku zile zilikuwa zimetulia."