Duka Chini, Vitabu Juu

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Daftari la fedha karibu kila chama kinalo. Lakini daftari la desturi je? Liko wapi andiko atakalopewa mwanachama mpya, alisome, ajue kwa nini chama chake hakikopeshi, au kwa nini mwenye hisa moja na mwenye hisa hamsini wana kura sawa?

Swali hili lina historia, nayo inatupeleka Rochdale, mji wa viwanda vya nguo kaskazini mwa Uingereza. Tarehe 21 Desemba 1844 wafumaji na mafundi wa mji huo walifungua duka dogo katika mtaa wa Toad Lane. Waasisi wanahesabiwa kuwa 28, na mtaji wao ulikuwa pauni 28. Waliuza siagi, sukari, unga na mishumaa. Masharti yao yalikuwa machache: bidhaa safi, mizani ya haki, malipo taslimu, mtu mmoja kura moja, na ziada igawanywe kwa kadiri ya manunuzi ya kila mwanachama.

Maduka ya ushirika yalikuwapo kabla ya hilo, na mengi yalikufa. Watu wa Rochdale walifanya jambo moja zaidi. Baada ya miaka michache walifungua chumba cha kusomea juu ya duka, wakaweka magazeti na vitabu. Katika miaka ya 1850 wakaanza kutenga asilimia 2.5 ya ziada kwa ajili ya elimu. Fikiri, msomaji: fedha ambayo kila mmoja angeitia mfukoni ilinunua vitabu ambavyo mfumaji asingeweza kuvinunua peke yake. Kitabu alichokisoma mmoja wiki hii, jirani yake alikisoma wiki ijayo, na wote wawili wakawa na jambo la kubishania. Hapo sharti la chama huacha kuwa amri ya viongozi, likawa fikra ya wanachama wenyewe.

Mwandishi George Jacob Holyoake aliiandika historia yao, ikafasiriwa katika lugha kadhaa, na walioisoma mbali wakapata mfano wa kuanzisha vyama vyao. Mwaka 1937 Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika ulipopitisha kanuni za Rochdale, elimu ilikuwa mojawapo.

Kwetu Tanzania, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama kikuu chao, KNCU, tangu 1933. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kikaanzishwa mjini Moshi. Kisha, mwaka 1976, serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya kuvirudisha ikatungwa 1982. Kijana aliyekuwa na miaka 12 vyama vilipovunjwa alikuwa na miaka 18 sheria hiyo ilipopita. Mkutano mkuu wa chama aliusikia kwa baba yake tu, kama alibahatika kusimuliwa. Sheria yaweza kurudisha jina, muhuri na ofisi. Mazoea ya mkulima kusimama na kumuuliza mwenyekiti hesabu hayarudi kwa sheria.

Chuo cha Moshi kiliendelea, na tangu 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini maktaba ya Moshi iko mbali na ghala la chama cha msingi, ambako kahawa hupimwa na ugomvi huanza.

Kwa hiyo naona kila chama hakina budi kuwa na kabati lake, hata liwe dogo. Liwekwe katiba, mihtasari ya mikutano, hesabu za miaka iliyopita, masimulizi ya waasisi yaliyoandikwa wakiwa hai, na vitabu viwili vitatu vya ushirika. Viazimwe na virudishwe. Ufunguo usikae kwa katibu peke yake. Na kila mkutano mkuu usomwe ukurasa mmoja kwa sauti, ili wasiojua kusoma nao wapate la kuuliza.