Wenela: Ndoa Iliyogawanywa na Mkataba

Mzee wa Rungwe au Kyela akikuambia kwamba fulani alikwenda Wenela, unaweza kudhani anataja mji. Wenela si mji. Ni kifupisho cha jina la Kiingereza la chama cha wenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, kilichoundwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili kutafuta vibarua weusi nje ya nchi hiyo. Watu walikichukua kifupisho wakakifanya mahali, na hawakukosea. Mtu aliingia humo kwa alama ya dole gumba, na hakutoka hadi mkataba umalizike. Wamalawi nao walisema Wenela. Aliyekwenda asirudi tena walimwita machona.

Naanza na Wenela kwa makusudi. Historia ya UKIMWI kusini mwa Afrika husimuliwa kana kwamba ilianza miaka ya 1980, virusi vilipogunduliwa, kisha akatafutwa wa kulaumiwa: mchimbaji, dereva wa lori, mwanamke wa mjini. Mimi naona tuanzie kwenye mkataba wa kazi. Ule ndio uliomtenga mume na mke kwa mwaka mmoja, au miwili, kizazi baada ya kizazi, na virusi vilipofika vilikuta njia imekwisha kuchimbwa.

Dhahabu ya Witwatersrand ilianza kuchimbwa 1886. Mawe yake yalikuwa na dhahabu kidogo kwa kila tani, yalilala chini sana, na bei ya dhahabu haikupangwa na mwenye mgodi. Kilichobaki kubanwa ni ujira. Mshahara wa mtu mweusi ulihesabiwa kama mshahara wa mtu mmoja asiye na nyumba, kwa kudhani kwamba mkewe kijijini atalima, atalea watoto na kuwatunza wazee. Kwa hiyo yule mwanamke aliyebaki nyuma alikuwa ndani ya hesabu za mgodi, ingawa hakuwahi kuuona. Jembe lake lilimpunguzia mwajiri gharama. Mume alilala bwenini na wanaume wenzake, vitanda vya saruji vikipandana kama rafu za dukani. Miaka ya 1950 kampuni ya Anglo American ilitaka kuwajengea nyumba za familia asilimia 10 ya wafanyakazi weusi katika migodi mipya ya Free State. Serikali ya ubaguzi wa rangi ikakataa. Iliruhusu asilimia 3 tu.

Ugonjwa uliotangulia kuwaua wageni wa migodini ulikuwa nimonia. Watu waliotoka nchi za joto walikufa kwa wingi hata serikali ikalazimika mwaka 1913 kupiga marufuku kuwaajiri waliotoka kaskazini ya latitudo 22 kusini. Katikati ya miaka ya 1930 marufuku hiyo ilianza kulegezwa, Wenela ikarudi Nyasaland, Malawi ya leo, na baadaye mawakala wake wakafika hadi nyanda za juu za kusini za Tanganyika. Serikali yetu iliifunga njia hiyo baada ya uhuru.

Nyumbani nako mtindo ulikuwa huohuo kwa kipimo kingine. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ulihitaji mikono mingi, na wenyeji wa Tanga walikuwa na mashamba yao. Mikono ikafuatwa mbali: Kigoma, Songea, Njombe, hadi Ruanda-Urundi. Kufikia 1944 wakulima wa mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuwasaka vibarua, SILABU. Waliosajiliwa waliitwa manamba, watu wa namba. Mikoa walikotoka haikuwa maskini kwa bahati mbaya tu. Iliachwa bila barabara na bila zao la biashara, na kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha taslimu. Songea ilichunguzwa na mtaalamu wa jamii wa serikali, P. H. Gulliver, aliyechapisha kazi yake mwaka 1955. Hapo tayari kuondoka kwa vijana kulikuwa sehemu ya maisha ya kawaida.

Je, hakuna aliyeona hatari? Alikuwapo. Daktari Sidney Kark, pamoja na mkewe Emily, pia daktari, walianzisha kituo cha afya Pholela, Natal, mwaka 1940. Huko vijijini, mbali na migodi, Kark alikuta kaswende imeenea. Mwaka 1949 alichapisha makala akieleza kwamba chanzo kiko katika mfumo wa kazi: wanaume wanahamahama, wanawake wanaachwa, miji inajaa wanaume wasio na familia, na ugonjwa unasafiri huku na huku pamoja na mikataba. Dawa peke yake, alisema, haitatosha mradi mfumo ule upo. Ukiisoma makala ile leo na kuweka UKIMWI pale alipoandika kaswende, huna haja ya kubadili mengi. Ilichapishwa zaidi ya miaka 30 kabla ya UKIMWI kugunduliwa.

Wala mfumo huo haukuwa wa lazima. Huko Katanga, Kongo, kampuni ya Union Minière ilichoshwa na gharama ya kusaka watu wapya kila mara, na kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1920 ikawataka wachimbaji waje na wake zao kwa mikataba ya miaka mitatu. Nisieleweke kwamba nausifu ukoloni wa Kibelgiji. Kambi zile zilisimamiwa kwa mkono wa chuma. Lakini tazama kilichozaliwa humo. Watoto wa kambi za Élisabethville walikua wakizungumza Kiswahili, na Kiswahili cha Katanga kikawa lugha ya mama. Kwenye mabweni ya Johannesburg ilizungumzwa Fanagalo, lugha ya amri iliyofunzwa kwa wiki chache ili mtu aweze kushika sururu na kutii. Fanagalo haikupata watoto wa kuirithi.

Virusi vyenyewe vilikuwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, karibu mwaka 1920, kwa makadirio ya wanasayansi waliolinganisha vinasaba vyake na kuchapisha matokeo 2014. Huo nao ulikuwa mji wa vibarua, wanaume wakiwazidi wanawake kwa mbali. Reli na mito viliwapeleka watu, na virusi pamoja nao, hadi mashariki na kusini ya Kongo. Kwetu wagonjwa 3 wa kwanza waliripotiwa Kagera mwaka 1983, mkoa uliotoka vitani na kuzoea biashara ya magendo mpakani.

Afrika Kusini ilichelewa kuguswa. Mwaka 1990 chini ya asilimia 1 ya wajawazito waliopimwa kliniki walikuwa na virusi. Mwaka 1999 walikuwa asilimia 22.4. Sheria za vibali vya kusafiri kwa weusi zilikuwa zimefutwa 1986, lakini mabweni yalibaki. Kwanza walilaumiwa wageni. Kati ya 1988 na 1992 Wamalawi wapatao 13,000 walirudishwa kwao, sababu iliyotolewa ikiwa kwamba 200 hivi walikutwa na virusi. Mwanahistoria Wiseman Chirwa ameonyesha kwamba migodi ilikuwa tayari inapunguza watu. Ugonjwa ukawa kisingizio kizuri.

Lawama dhidi ya mchimbaji nayo ilidai kwamba mwanamume huenda, huambukizwa, hurudi na kumwambukiza mkewe. Utafiti wa Mark Lurie na wenzake KwaZulu-Natal, uliochapishwa 2003, uliwapima wenza wote wawili. Katika jozi ambazo mmoja tu alikuwa na virusi, katika karibu theluthi moja aliyeambukizwa alikuwa mwanamke. Hili lilishangaza wengi, na wengine wakalitumia kumsema mwanamke wa kijijini. Mimi linanihuzunisha. Mwanamke anayesubiri pesa zisizotumwa, mwenye watoto wa kulisha, anatafuta msaada karibu. Upweke wa nyumba iliyogawanywa ulikuwa pande zote mbili, na hatari nayo.

Njombe, iliyowapeleka vijana wake mkongeni, ilikuwa na maambukizi ya asilimia 11.4 ya watu wazima katika utafiti wa kitaifa wa 2016–17, ya juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Siwezi kuyaweka yote kwenye mlango wa manamba. Barabara kuu ya Zambia inapita Makambako, na tohara ya wanaume haikuwa mila ya huko. Lakini hata sasa watu wanaingia na kutoka kwa misimu ya chai na mbao.

Mwaka 2002 Anglo American ilitangaza kuwapa wafanyakazi wake dawa za kufubaza virusi. Ulikuwa uamuzi mkubwa, nao uliokoa maisha. Ila ulimlenga mfanyakazi. Mkewe kijijini hakuwamo. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya fidia kwa wachimbaji walioharibiwa mapafu na vumbi la mawe na kifua kikuu, wakiwemo wa nchi jirani, na familia za waliokufa zinaweza kudai. Mjane wa mchimbaji analipwa kwa mapafu ya mumewe akileta vyeti. Kwa miaka waliyoishi mbalimbali, na kilichoingia kati yao katika miaka hiyo, hakuna fomu ya kujaza.