TEKNOLOJIA: Jinsi ya kubaini kinachoifanya mashine ya leza kuwaka bila kuamriwa

MASHINE ndogo za kukata na kuchonga mbao, ngozi na akriliki kwa mwali wa leza hazipatikani tena viwandani pekee. Siku hizi huwekwa mezani nyumbani au katika karakana ndogo, zikichonga vishikio vya funguo, mihuri na mabango.

Hata hivyo, kuna hitilafu moja ambayo kila mwenye mashine kama hiyo anapaswa kuitambua mapema: leza kuwaka wakati haijaamriwa.

Mara nyingine mwali humulika kwa sehemu ndogo tu ya sekunde pindi swichi inapobonyezwa. Mara nyingine huacha mstari wa kuungua kati ya herufi moja na nyingine, hubaki ukiwaka baada ya kazi kukamilika, au huwaka mfululizo hata tarakilishi ikiwa imezimwa.

Hitilafu hii si ya kupuuzwa. Mwali unaosimama mahali pamoja huweza kuteketeza kadibodi na kuanzisha moto. Ukitoka kifuniko kikiwa wazi, huweza kuharibu jicho kabla mtu hajapepesa.

Chanzo chake hujulikana iwapo fundi hatabadilisha vipuri kwa kubahatisha, bali ataifuata njia ya amri hatua kwa hatua.

Aina mbili za leza

Aina ya kwanza hutumia mrija wa kioo uliojazwa gesi ya kabonidioksidi. Leza ya gesi hiyo ilibuniwa na Kumar Patel katika maabara ya Bell nchini Marekani mwaka wa 1964. Mashine ndogo ya aina hii inayojulikana sana ni K40, inayotengenezwa China na kuuzwa kama yenye nguvu ya wati 40.

Mwali wake una urefu wa wimbi wa takriban nanomita 10,600 na hauonekani kwa macho.

Aina ya pili ni leza ya diodi, ambayo aghalabu hutoa mwanga wa buluu wa takriban nanomita 450.

Tofauti hii ni muhimu kwa sababu miwani ya kinga ya aina moja haifai kwa nyingine. Mwali wa kabonidioksidi huunguza konea, sehemu ya mbele ya jicho, ilhali wa buluu hupenya hadi kwenye retina. Soma maandishi yaliyo kwenye miwani ili kuhakikisha kwamba inataja urefu wa wimbi wa leza yako.

Tahadhari kabla ya kufungua mashine

Chomoa plagi kabla ya kugusa waya wowote. Katika mashine ya mrija, waya unaotoka kwenye kisanduku cha umeme hadi kwenye mrija hubeba zaidi ya volti 10,000, na chaji huweza kusalia hata baada ya umeme kukatwa. Kamwe usiukate wala kuuchomoa ili kufanya majaribio.

Majaribio yafanywe kifuniko kikiwa kimefungwa, tofali au kigae kikiwa chini ya mwali, na kizima moto kikiwa karibu. Isitoshe, usiizibe swichi ya kifuniko ili mashine iendelee kufanya kazi ikiwa wazi.

Njia ya amri

Amri ya kuwasha leza hupitia sehemu tatu. Tarakilishi hutuma maagizo, bodi ya udhibiti huyageuza kuwa volti, kisha kisanduku cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, huiwasha leza.

Siri ya uchunguzi ni kuikata njia hii mahali pamoja na kutazama kinachotokea. Leza ikizima, kosa liko nyuma ya mahali ulipokata, upande wa tarakilishi na bodi. Ikiendelea kuwaka, kosa liko mbele, upande wa pawasaplai.

Uchunguzi wa K40

Katika pawasaplai nyingi za K40, amri ya kuwasha leza huingilia kwenye pini iliyoandikwa L. Pini hii hufanya kazi kinyume na wengi wanavyodhani: leza huwaka volti zake zinaposhuka hadi sifuri, wala si zinapopanda. Kwa hivyo, waya wa L ukigusa bati la mashine au waya hasi, leza itawaka.

Kwa kuwa mwali hauonekani, itazame mita ya miliampea iliyo kwenye mashine zenye mita ya mshale. Mshale ukisonga, leza inawaka.

Kwanza, chomoa plagi, utoe waya wa L kwenye pawasaplai na kuufunika ncha kwa utepe wa umeme. Funga kifuniko, kisha washa mashine. Leza ikiwa haiwaki, chunguza bodi, mipangilio na waya wenyewe.

Ikiwa bado inawaka, zima, uchomoe plagi tena, kisha utoe nyaya za kitufe cha majaribio. Kitufe kilichonasa huwasha leza bila kuhusisha bodi. Kagua pia kitufe kidogo kilicho kwenye pawasaplai yenyewe.

Leza ikiendelea kuwaka baada ya nyaya hizo zote kutolewa, au ikiwaka hata swichi ya kuiruhusu leza ikiwa imezimwa, pawasaplai imeharibika. Usiendelee kuitumia, ibadilishe.

Tatizo jingine huwapata wanaobadilisha bodi ya awali. Pini ya L husubiri takriban volti 5 ili kutulia, lakini bodi nyingi za kisasa hutoa volti 3.3 pekee. Kiwango hicho huenda kisitoshe kuizima leza kabisa. Suluhisho ni kutumia transista ambayo huivuta L hadi sifuri inapoamriwa tu, na kuiachilia wakati mwingine wote.

Uchunguzi wa leza ya diodi

Hapa mambo hugeuka: kwa kawaida diodi huwaka volti za waya wa amri zinapopanda. Usiuache waya huo ukining'inia wakati wa jaribio, kwa kuwa baadhi ya leza hizi huuchukulia waya usiounganishwa kama amri ya kuwaka kwa nguvu zote. Badala yake, utoe kwenye bodi na uunganishe pini ya amri ya leza na waya hasi.

Leza ikizima, sehemu yake ya umeme ni nzima. Ikiendelea kuwaka, saketi inayoiendesha ina kasoro.

Leza inayomulika kidogo mashine inapowashwa huwa na sababu inayoeleweka. Bodi inapoamka, pini zake hazijapewa kazi, hivyo waya wa amri huyumba kati ya kuwaka na kuzima. Mara nyingi rezista ya omu 10,000 kati ya waya huo na waya hasi, karibu na leza, hutosha kuutuliza.

Aidha, hakikisha kwamba bodi na leza zinatumia waya hasi mmoja. Zisipounganishwa hivyo, volti za amri hukosa kipimo cha kulinganishwa nacho.

Makosa ya mipangilio

Ikiwa leza huwaka tu wakati wa kazi, aghalabu kosa si la nyaya. Bodi nyingi ndogo huendeshwa na programu ya Grbl, ambayo ilianza kwa mashine za kuchonga kwa keekee. Keekee huendelea kuzunguka hata inapohamishwa. Leza ikifanya vivyo hivyo huacha mistari ya kuungua.

Katika Grbl 1.1, andika $32=1 ili bodi itambue kwamba inaendesha leza. Baada ya hapo, mwali huzima mashine inapohama kutoka umbo moja hadi jingine.

Zingatia pia amri zilizo ndani ya faili. M3 huwasha leza kwa nguvu isiyobadilika na huweza kuiacha ikiwaka mashine iliposimama, kwa mfano kebo ya tarakilishi inapochomoka. M4, mpangilio huo ukiwa umewekwa, hupunguza nguvu kulingana na mwendo na kuzima mwali mashine inaposimama. M5 huizima leza. Hakikisha ipo mwishoni mwa faili.

Waliounda mashine zao kwa bodi ya Arduino Uno wakague pini. Grbl 1.1 hutoa amri ya leza kwenye pini ya 11. Katika toleo la 0.8, pini hiyo ilikuwa ya swichi ya kikomo, na kwa kawaida hukaa na volti 5. Leza ikiunganishwa hapo huwaka wakati wote.

Umeme wa nyumbani

Leza inayowaka ovyo, bila mpangilio unaoeleweka, huenda inasumbuliwa na mawimbi ya umeme. Tenganisha nyaya za amri na ule wa volti za juu, na uhakikishe kwamba waya wa ardhi unafika kwenye bati la mashine. Adapta isiyo na mguso wa ardhi huikosesha mashine kinga hiyo.

Kwa wanaoishi mahali ambapo stima hupotea na kurejea ghafla, mashine iliyoachwa bila kuzimwa huamka yenyewe, na leza yenye kasoro huweza kumulika papo hapo. Umeme ukipotea, zima swichi ya ukutani.

Mwisho, usitegemee kitufe cha kusimamisha kazi kwenye tarakilishi. Bodi ikikwama au pawasaplai ikiharibika, kitufe hicho hakisaidii. Weka kitufe cha dharura kinachokata umeme wote wa mashine, mahali ambapo mkono utakifikia bila kupita juu ya mwali, na usiiache mashine peke yake ikiwa kazini.