Jinsi vioo vya kupunguza mng'ao vinavyotengenezwa na kutumiwa

DEREVA anayepita Ruiru usiku kuelekea Thika, katika barabara kuu iliyofunguliwa 2012, huweza kupofushwa kwa muda na taa za gari linalomfuata.

Ndiyo sababu kioo cha ndani cha kutazamia nyuma huundwa mfano wa kabari na kupakwa fedha au alumini upande wa nyuma. Dereva akikiinamisha kwa kijiti chake, huona taswira hafifu ya uso wa mbele, unaorudisha asilimia 4 hivi tu ya mwangaza.

Vioo vya picha na skrini hukwaruzwa kwa asidi ili mwangaza utawanyike. Havifai mbele ya gari, kwani huleta ukungu.

Lenzi za miwani hupakwa matabaka membamba ya oksidi ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Mawimbi ya mwangaza unaorudishwa hufutana, ila taa za mbele hazipungui ukali.

Miwani myeusi au ya manjano isivaliwe usiku: humficha anayevuka barabara.