Mahakama za Dawa za Kulevya (Marekani)
Mahakama za dawa za kulevya ni mahakama maalumu zinazompa mshtakiwa wa kosa lililotokana na uraibu, yaani utegemezi wa mwili na akili kwa dawa hizo, nafasi ya kutibiwa chini ya uangalizi wa jaji badala ya kufungwa. Ya kwanza ilianzishwa Miami, Florida, mwaka 1989, kesi za kokeini zilipokuwa zimefurika mahakamani, na mwaka 1997 kaunti jirani ya Broward ikaanzisha mahakama kama hiyo kwa wagonjwa wa akili. Msingi wa kisheria wa mahakama za dawa za kulevya ni wa zamani zaidi, kwani katika shauri la Robinson dhidi ya California, mwaka 1962, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kumwadhibu mtu kwa kuwa mraibu tu ni ukatili, ingawa ilikubali kuwa jimbo linaweza kumlazimisha kutibiwa.

Mshiriki hupimwa mkojo mara kwa mara na kuripoti kwa jaji. Akihitimu, mashtaka hufutwa au adhabu hupunguzwa, na akishindwa hurudishwa kwenye kesi au hukumu ya kawaida. Hapo ndipo penye utata mzito, kwa maana ridhaa inayotolewa kwa hofu ya jela si ridhaa kamili, na kurudia kutumia dawa, ambako tabibu hukuona kuwa dalili ya ugonjwa, huweza kuadhibiwa kama ukaidi. La kusikitisha zaidi, baadhi ya majaji walikataza hata methadoni, dawa inayotuliza uchu wa heroini na kupunguza vifo.