Mashua za Nchi Kavu

Mji wa Dodoma ulipewa jina na kitu kilichozama. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba tembo alishuka kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, tope likamshika miguu, naye kadiri alivyojitahidi kujinasua ndivyo alivyozidi kudidimia. Walioshuhudia wakasema "idodomya", yaani imezama. Wapo wasimuliao vinginevyo. Wao husema watu fulani waliiba ng'ombe wa jirani zao, wakawachinja na kuwala, kisha wakaichomeka mikia katika tope, na wenye mali walipofika wakaonyeshwa ile mikia na kuambiwa kwamba kundi zima limezama. Mimi naipenda zaidi hadithi hii ya pili, kwa kuwa ina watu ndani yake, lakini ya tembo ndiyo wanayosimuliwa wageni. Na jina la Kikuyu, mtaa ninaokaa, latokana na mikuyu iliyoota kandokando ya kijito hicho, ambacho kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu.

Katika nchi ya namna hii, ambako mvua ya mwaka mzima hukadiriwa kuwa milimita 500 na ushei na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, mtu akisema anaunda mashua nyuma ya nyumba yake hapana budi achekwe. Nilichekwa. Lakini kila nilipochekwa niliwaambia wenzangu jambo ambalo wengi hawakuwa wakilijua, nalo ni kwamba Ugogo imewahi kupitisha mashua nyingi kuliko vijiji kadhaa vya pwani nivijuavyo, ila zilipita kichwani na mabegani mwa watu.

Iliyo maarufu kuliko zote ni Lady Alice. Mwaka 1874 Henry Morton Stanley alimwagiza muunda mashua mmoja wa Teddington, juu ya mto Thames, amtengenezee chombo cha mbao nyepesi ziitwazo mwerezi wa Hispania, zenye unene usiofika nusu inchi, kitakachoweza kufunguliwa katika sehemu 5, kila moja futi 8. Jina alilipa la msichana wa Kimarekani, Alice Pike, aliyekuwa amemwahidi ndoa. (Msichana huyo aliolewa na mtu mwingine mwanzoni mwa 1876, wakati mwenye mashua yuko bara, hana habari.) Chombo kilipofika Unguja kikaonekana kizito mno. Stanley alitaka kila sehemu isizidi ratili 120, na sasa nyingine zilipita ratili 280. Ilibidi atafutwe seremala aliyekuwapo mjini azikate upya ziwe vipande vyembamba viwezavyo kupita katika njia za msituni. Kwa hiyo hata mashua ya Thames ilimaliziwa kuundwa Unguja, jambo ambalo husahauliwa.

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 ukiwa na watu 356. Wachukuzi wa mashua walichaguliwa miongoni mwa wenye nguvu kuliko wote, wakapewa ujira zaidi ya wenzao, na baadhi yao wakaruhusiwa kufuatana na wake zao. Haikuwa fadhila. Mzigo wa kitambaa au wa shanga humkaa mpagazi mmoja, akauegemeza kwenye mti akitaka kupumzika. Kipande cha mashua hushikwa na watu zaidi ya mmoja, na mmoja akiteleza wote huyumba. Katikati ya Desemba walikuwa Mpwapwa. Kutoka hapo waliivuka mbuga kavu ya Marenga Mkali, wakaingia Ugogo, na mvua za mwaka ule zikawakuta njiani. Krismasi ya 1874 waliifanya katika nchi yetu hii, mahema yakiwa yamelowa, chakula haba na ghali, watu wakiugua na makumi wakitoroka.

Nimezisoma habari hizo mara nyingi, nami kila mara hukwama katika malalamiko juu ya hongo. Karibu wasafiri wote wa Ulaya waliopita Ugogo walilalamika kwamba watemi wa Kigogo waliwatoza vitambaa ovyo, na wakaandika kana kwamba walivamiwa na wanyang'anyi. Mtu aliyekaa Dodoma mwezi wa Oktoba hawezi kuandika hivyo. Maji ya Ugogo hayakuwa mto unaojipitia. Yalikuwa visima na madimbwi yaliyochimbwa kwa mikono katika mchanga, yakatunzwa kwa zamu, yakagawanywa kati ya watu na ng'ombe kwa hesabu. Kisha siku moja unatokea msafara wa watu mia tatu wenye kiu. Hongo ilikuwa bei ya maji na ya njia. Kwamba wakati mwingine ilipandishwa kupita kiasi, sikatai. Mwenye duka pekee mjini hufanya vivyo hivyo.

Baada ya Ugogo msafara uliingia Ituru, na huko mambo yakawa mabaya zaidi. Edward Pocock, mmoja wa ndugu wawili waliolelewa katika uvuvi na mashua huko Kent, alikufa kwa homa mnamo Januari 1875, na muda mfupi baadaye yakazuka mapigano yaliyoua watu wa pande zote mbili. Tarehe 27 Februari walifika Kageyi, pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria. Vipande vikaungwa tena, na chini ya miezi miwili mashua iliyokuwa imepitia kwenye vumbi na tope la Ugogo ikalizunguka ziwa lote. Mwaka uliofuata ikalizunguka Ziwa Tanganyika, kisha ikashuka mto Kongo.

Nahodha aliyeshika usukani wake aliitwa Uledi. Habari zake ndizo zinazonigusa kuliko za mwenye msafara. Katika maporomoko ya Kongo aliokoa watu 13 wasife maji, akijitupa mtoni mahali ambapo wengine waliogopa hata kusogea ukingoni. Halafu mwaka 1877, watu wakiwa na njaa, alikamatwa akiwa ameiba shanga, na shanga ndizo zilizokuwa fedha ya kununulia chakula cha wote. Stanley akawaachia watu wenyewe wahukumu. Wakasema apigwe. Hapo mdogo wake, Shumari, akajitokeza na kuomba apigwe yeye nusu ya fimbo, na binamu yake, Saywa, akataka sehemu iliyobaki. Wote wakasamehewa. Uledi alijulikana kwa jina kwa sababu alikuwa usukani. Wale waliokibeba chombo kutoka Bagamoyo hadi Kageyi, ambao bila mabega yao pasingekuwa na usukani wa kushikwa, majina ya wengi wao hayakuandikwa popote penye kusomeka.

Baada ya Lady Alice ikaja Daisy, mashua ya wamisionari wa Kanisa la Kiingereza waliokuwa wakienda Uganda. Nayo ilipelekwa vipande vipande, ikaungwa ziwani mwaka 1877. Alexander Mackay, fundi wa Kiskoti, alipofika Kageyi mwaka 1878 aliikuta imechakaa vibaya, ikambidi aifanyie kazi upya. Lakini kabla yake mashua nyingine ilikuwa imekwisha kuleta msiba. Mfanyabiashara aitwaye Songoro alikuwa akiunda jahazi huko Ukerewe, na wamisionari wakakinunua chombo hicho. Mtemi Lukonge aliona kwamba Songoro bado ana deni kwake, na kwamba mbao zile hazina ruhusa ya kuondoka. Mwezi wa Desemba 1877 yakatokea mapigano. Songoro aliuawa, na pamoja naye wamisionari wawili, Shergold Smith na O'Neill, na watu wao wengi. Wanahistoria huyaandika mauaji hayo kama habari ya dini. Mimi naona ni habari ya mashua iliyouzwa kabla mwenye miti hajalipwa.

Reli ilipofika, mabega yakapumzika. Ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na ndiyo iliyopitisha makasha ya ile meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, tunayoijua sasa kwa jina la Liemba. Hiyo ni ya chuma, basi naiacha ipite.

Mashua yangu niliiunda mwaka 1996, na sababu yake ilikuwa bwawa la Mtera. Bwawa hilo lilizuiliwa kwenye mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa, ili kuhifadhi maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu. Lilikamilika kiasi cha mwaka 1980, na mwaka 1988 Mtera yenyewe ikaanza kutoa megawati 80. Waliolibuni walifikiria umeme. Samaki walikuja bila kuandikwa katika mpango, na nyuma ya samaki wakaja watu wa kila upande: kutoka Iringa, Mbeya, Ruvuma, hata wa pwani. Wagogo, ambao mababu zao walihesabu utajiri kwa ng'ombe, wakaanza kuhesabu perege na kambale.

Mpwa wangu alikuwa mmoja wao. Alikwenda Mtera baada ya mifugo ya baba yake kufa kwa ukame, akaanza kuvua katika chombo cha watu. Desturi ya huko ilikuwa kwamba mwenye chombo na nyavu huchukua sehemu yake kwanza, na kinachobaki ndicho wanachogawana waliokesha majini. Alinijia nyumbani Kikuyu siku moja akiwa amekonda, akaniambia, "Mjomba, mimi siombi fedha. Naomba mbao." Dada yangu alikuwa akiishi kwa alichokileta kijana huyo, yeye na wadogo zake wanne. Sikuwa na la kufikiri zaidi.

Fundi nilimpata mtaani hapa hapa, mzee mzaliwa wa Pangani aliyeletwa Dodoma na kazi za reli na kubaki baada ya kustaafu. Hakuchora chochote. Aliulaza mkuku chini ya kivuli cha mwembe, akausimamisha hanamu mbele na fashini nyuma, akatazama kwa jicho moja kwa muda mrefu hadi mke wangu akauliza kama mzee anaumwa. Kisha akapiga mbao za chini, na baada ya hapo ndipo akachonga mataruma kwa tezo, moja moja, yafuate umbo la mbao. Mzungu wa Teddington, naamini, alianza na karatasi. Mbao zilikuwa za mninga uliotoka upande wa Tabora. Nilimuuliza kama mikuyu yetu haifai, maana nilikuwa nimesoma kwamba Wamisri wa kale walichongea majeneza kwa mkuyu. Akanijibu, "Basi mwalimu, tuiache kwa majeneza."

Jambo lililomsumbua lilikuwa hewa. Pwani ubao hukauka taratibu na chumvi humo humo; hapa Dodoma upepo wa Septemba hunyonya mti hadi ukalia usiku. Chombo kikiundwa katika ukavu huo, alinieleza, mbao zisibanwe sana, kwa maana zikifika majini zitakunywa na kuvimba, na zisipopata nafasi zitasukumana hadi taruma zivunjike. Kwa hiyo aliacha mianya ambayo majirani waliweza kupitisha ukucha. "Mwalimu," waliniambia, "gharika ikija utakuwa wa kwanza kuzama." Mianya hiyo akaitia kalafati ya pamba na mafuta, kwa mkono mwepesi, si kwa nyundo kubwa. Kila jioni tulifunika chombo kwa magunia yaliyolowekwa maji, na maji yale tuliyanunua kwa ndoo. Nilipokuwa nikilowesha magunia hayo ndipo nilipoelewa kwa nini Daisy iliharibika, na kwamba huenda zile mvua za Desemba 1874, zilizowatesa wapagazi namna ile, ndizo zilizookoa mbao za Lady Alice zisipasuke kabla ya kuliona ziwa.

Kazi ilichukua majuma 9. Ilikuwa ya futi 14, haina jina. Tuliipakia kwenye lori la chumvi, tukaipeleka Mtera kwa barabara ya vumbi ya siku zile, na mzee akakataa isivuliwe siku hiyo. Aliizamisha kwa mawe kwenye maji ya magoti, akaiacha siku mbili. Watu wa Mtera walisimama kutazama chombo kipya kinazamishwa na fundi wake mwenyewe. Siku ya tatu tulitoa mawe, tukakomba maji, na mianya yote ilikuwa imefunga.

Lady Alice iliishia juu ya mwamba. Tarehe 31 Julai 1877, kwenye maporomoko ya Isangila, karibu na mwisho wa safari, wapagazi waliobaki waliivuta mara ya mwisho kutoka mtoni na kuiacha juani, kwa kuwa hawakuwa tena na nguvu ya kuibeba. Siku 9 baadaye walifika Boma kwa miguu. Kati ya wale 356 walioondoka Bagamoyo, wengine walikuwa wametoroka, wengine wamekufa kwa ndui, kwa njaa, kwa silaha, au kwa maji. Waliofika walizidi mia moja kidogo.

Ya mpwa wangu ilivua miaka 9 bila kubadilishwa zaidi ya mbao tatu, na wadogo zake wawili walisomeshwa kwa perege zake hadi kidato cha nne. Mwishoni mwa 2005 maji ya Mtera yalipungua mno, nchi ikaja kuingia katika mgawo wa umeme, na ukingo wa bwawa ukakimbia mbali na kambi za wavuvi. Aliniandikia kwamba maji yalikuwa mbele yao yakionekana, na kati yao na maji kulikuwa na uwanda wa tope lililopasuka. Walikuwa vijana sita. Walitoa nyavu na kafi, wakaigeuza mashua kichwa chini, wakaingia chini yake watatu huku na watatu huku, wakaiinua.